Kununa Si Kiburi: Maradhi ya Moyo na Hukumu za Adabu Katika Njia ya Misafara ya Unyanyembe

Katika nchi ya Unyamwezi, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania, siku huanza kwa maamkizi. Mtu akitoka nyumbani kwake asubuhi humtolea jirani neno la "mwangaluka", na jirani hulipokea na kulirudisha. Baada ya hapo huulizana habari za nyumba, za watoto, za shamba na za mifugo. Mdogo humtangulia mkubwa, na zamani mbele ya mtemi watu waliinama wakapiga makofi ya heshima. Maamkizi haya si maneno matupu. Ni njia ya kila mmoja kumhakikishia mwenzake kwamba yupo, anamwona, na hana kinyongo naye. Kwa sababu hiyo asiyeamkia huulizwa amekosewa nini, na asiyeitikia huhesabiwa kuwa mjeuri.

Nia yetu katika insha hii si kuidharau desturi hiyo. Jamii isiyoamkiana ni jamii iliyokwisha kuvunjika. Lakini yafaa tukumbuke kwamba kipimo chochote, hata kikiwa chema, chaweza kumdhulumu mtu kikitumiwa pasipo kuuliza. Yako maradhi ambayo dalili zake za kwanza hufanana sana na utovu wa adabu. Mgonjwa wa homa hutetemeka, na kila mtu humhurumia; mgonjwa wa moyo hunyamaza, na watu husema amejaa kiburi. Tunakusudia kuonyesha jinsi kosa hili lilivyotendeka katika njia kuu ya misafara iliyopita Tabora, jinsi wazee wetu walivyojaribu kulitibu, na mafunzo tunayoweza kuyapata sisi walimu na wanafunzi.

Maradhi yenyewe

Kwanza hatuna budi kueleza tunachokizungumzia. Lugha yetu ina maneno mengi ya mateso ya ndani: huzuni, majonzi, simanzi, jitimai, unyonge, fadhaa. Wataalamu wa afya wa siku hizi hutumia neno sonona kwa yale maradhi ambayo moyo wa mtu hudidimia kwa muda wa majuma mengi bila kuinuka. Mwenye sonona huamka usiku wa manane asipate tena usingizi. Chakula humkinai. Kazi aliyoipenda humwia mzigo, na hata kufungua kinywa kusema humgharimu nguvu. Akiulizwa jambo hujibu kwa neno moja, au hasemi kabisa; pengine hukaripia, kisha hujilaumu peke yake usiku kucha.

Maradhi ya pili, ambayo mara nyingi hufuatana na hayo, ni wasiwasi uliopita kiasi. Moyo humwenda mbio mtu ambaye hakufukuzwa na kitu, jasho humtoka, pumzi humbana. Basi huepuka baraza, hutazama chini mtu anaposema naye, huondoka kabla mazungumzo hayajaisha. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 ulimwenguni walikuwa na sonona, na wapatao milioni 301 walikuwa na maradhi ya wasiwasi. Hivyo si mambo ya watu wachache, wala si ya taifa moja.

Tukizitazama dalili hizo moja moja tutaona jambo la kushangaza kidogo. Kutoamkia, kutoitikia, kutotazama usoni, kujibu kwa mkato, kuondoka barazani bila kuaga, kuacha chakula cha wenyeji: haya yote ndiyo yanayotajwa pia mtu anapoulizwa maana ya ufidhuli. Orodha ya mganga na orodha ya mlezi zinakaribia kuwa moja. Mwenye kutazama nje tu hawezi kuzitenga. Ndiyo maana wahenga walituachia usemi kwamba moyo wa mwenzio ni msitu wa giza.

Njia na mateso yake

Tuingie sasa katika historia. Katika karne ya 19 njia kubwa kupita zote za Afrika ya Mashariki ilianza pwani, hasa Bagamoyo, ikapita Usagara na Ugogo, ikafika Unyanyembe, mahali ambapo leo pana mji wa Tabora. Kutoka hapo iligawanyika: tawi moja lilielekea magharibi hadi Ujiji na Manyema, jingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, jirani na Tabora, mwezi wa Novemba 1857, walikuwa wamekwisha kutembea zaidi ya miezi minne tangu kuondoka pwani.

Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wa njia hiyo. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 32, mbali na mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Alipita nyika zisizo na maji, alivumilia njaa, aliugua homa, na pengine aliona mwenzake wa kambi moja akiachwa nyuma kwa ndui. Kwa vijana wa Unyamwezi safari ya pwani ilikuwa pia jando la pili. Aliyerudi alihesabiwa kuwa mwanamume kamili. Kwa hiyo aliyekuwa na hofu hakuthubutu kuitaja hofu yake. Aliimeza, nayo ikatoka kwa sura nyingine.

Wageni wa Ulaya waliosafiri na wapagazi hao waliandika vitabu vingi, na katika vitabu hivyo malalamiko ya aina moja hurudiwa mara kwa mara: wapagazi ni wavivu, wakaidi, hununa, hawana shukrani. Yatupasa kuwa waangalifu tunapoyasoma. Si kila kununa kulikuwa ugonjwa. Wapagazi walikuwa wafanyakazi waliozijua haki zao. Waligoma kwa ajili ya posho, urefu wa mwendo na uzito wa mizigo, na mgomo wao ulikuwa maneno ya watu wenye akili timamu. Lakini walikuwapo pia wale waliokaa kando ya moto bila kusema, wasiodai chochote, ambao asubuhi hawakuweza kunyanyuka. Mwandishi wa shajara aliwatia wote katika kapu moja. Mwenye madai, mwenye homa na mwenye moyo uliokufa wote waliandikwa kwa neno lile lile la ujeuri, na fimbo iliyowangoja ilikuwa moja.

Wala kosa hilo halikuwa la Wazungu peke yao. Watu wa pwani nao walikuwa na kipimo chao cha uungwana, na aliyetoka bara aliitwa mshenzi. Mtu akishapewa jina hilo, ukimya wake hauulizwi tena sababu. Huhesabiwa kuwa ndiyo tabia yake.

Baharia wa Kwihara

Kisa kimoja kilichotendeka karibu kabisa na mji wa Tabora chafaa kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa hapo aliyehukumiwa hakuwa mpagazi Mwafrika bali Mwingereza, na aliyemhukumu alikuwa mwenzake wa meza moja.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Daktari David Livingstone. Alifuatana na mabaharia wawili, William Farquhar na John Shaw. Hawakuwa wasafiri wa bara. Walikuwa watu wa bahari walioajiriwa kwa mshahara. Farquhar aliugua, akaachwa Mpwapwa, akafa huko. Shaw aliendelea. Kabla ya kufika Mpwapwa, katika nchi ya Usagara, alikikashifu chakula cha asubuhi na kumtolea Stanley maneno makali, naye Stanley akampiga ngumi hata akaanguka. Usiku ule ule risasi ilipenya katika hema la Stanley. Shaw alipoulizwa alisema aliota mwizi.

Walifika Unyanyembe mwezi wa Juni, wakakaa Kwihara. Hapo ndipo vita vya Mirambo vilipowakuta, na mwezi wa Agosti sehemu ya Tabora ikachomwa moto. Katika miezi hiyo, Shaw, aliyekuwa akishikwa na homa mara kwa mara, alizidi kudhoofika. Alikaa bila kazi, hakuwa na hamu ya lolote, wala hakuwa mtu wa kuzungumza naye. Stanley mwenyewe alikuwa akiugua, tena alikuwa na haraka ya kuendelea na safari. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1872 alimwonyesha Shaw kama mtu mlegevu anayejisingizia. Tarehe 20 Septemba 1871 walipoondoka Kwihara kuelekea kusini, Shaw alianguka kutoka juu ya punda wake, na Stanley akaona kwamba amejiangusha makusudi. Baada ya siku chache ilikuwa dhahiri kwamba hawezi kuendelea, ikakatwa shauri arudishwe. Usiku wa mwisho Shaw alipiga kinanda chake cha mkono, na miongoni mwa nyimbo alizozipiga ulikuwamo ule wa Kiingereza wa kukumbuka nyumbani. Yule aliyedhaniwa kuwa hana moyo alionekana usiku ule kuwa na moyo uliojaa. Asubuhi wakaagana. Alirudishwa Kwihara, akafa huko; Stanley aliporudi mwezi wa Februari 1872 alikuta kaburi.

Hatuwezi kumpima mtu aliyekufa zaidi ya miaka 150 iliyopita, wala hatusemi kwamba Shaw hakuwa na makosa. Maneno yake ya Usagara yalikuwa mabaya, na habari ya risasi ni nzito. Twasema hivi tu: mtu aliyeugua hata akafa alihesabiwa kwa muda mrefu kuwa mtovu wa adabu na mvivu, na ushahidi uliotumiwa kumhukumu ulikuwa zile zile dalili za maradhi yake. Kiongozi wake hakuwa mjinga. Alikuwa na haraka, na mwenye haraka hupenda kumkasirikia mtu kuliko kumwuliza, kwa sababu hasira haichukui muda.

Ubaya wa homa za njia hiyo kwa akili za watu ulionekana tena miaka miwili baadaye. Mwaka 1873 msafara wa Verney Lovett Cameron ulikwama Kwihara kwa miezi, viongozi wake wakiwa hoi kwa homa na maradhi ya macho. Mwezi wa Novemba daktari wa msafara huo, William Dillon, alijiua akiwa katika kuweweseka kwa homa. Daktari wa wengine hakuwa na daktari wake.

Daktari aliyeitwa mkali

Livingstone mwenyewe aliwahi kuhukumiwa kwa namna hiyo. Katika safari yake ya mto Zambezi, kati ya 1858 na 1863, Wazungu wenzake walilalamika kwamba alikuwa akinyamaza siku nzima, akibadilika ghafula, asiwaeleze mashauri yake. Katika safari hiyo alifiwa na mkewe Mary, mwezi wa Aprili 1862, huko Shupanga. Mmoja wa wenzake hao, John Kirk, baadaye alishika kazi ya ubalozi wa Uingereza Unguja. Kwa maelezo ya Stanley, alipomwuliza Kirk habari za Livingstone mwaka 1871, aliambiwa kwamba mzee yule ni mgumu kukaa naye na hapendi watu. Stanley akafunga safari akihofu kukutana na mtu mwenye chuki.

Lakini huko Ujiji alimkuta mzee mpole, aliyekonda, aliyevunjika moyo. Livingstone alikuwa amerudi Ujiji mwezi wa Oktoba 1871, baada ya kushuhudia mauaji ya sokoni Nyangwe mwezi wa Julai, akakuta mali yake yote imeuzwa. Baada ya kupata chakula, barua na mtu wa kuzungumza naye, alianza kula tena na kucheka. Wakafuatana hadi Kwihara, wakafika tarehe 18 Februari 1872. Stanley akarudi pwani mwezi wa Machi. Livingstone akabaki katika tembe ile, ambayo leo ni jumba la makumbusho, hadi mwezi wa Agosti wapagazi wake walipofika. Mwaka 1978 mwandishi Oliver Ransford, aliyekuwa daktari, alitoa kitabu kuonyesha kwamba Livingstone aliishi na ugonjwa wa moyo kupanda na kushuka. Tukikubali hoja hiyo au tusikubali, kisa kinabaki na fundisho: mtu aliyeelezwa pwani kuwa mkali ndiye aliyeonekana bara kuwa mpole, na kilichobadilika zaidi si tabia yake bali ni namna alivyoendewa.

Waliokufa moyo

Twaja sasa kwenye ushahidi ulio mzito kupita wote, nao hauhusu wageni bali watu wetu. Livingstone alipokuwa amelazwa na vidonda vya miguu huko Bambarre, katika Manyema, mwaka 1870 na mwanzo wa 1871, aliandika habari za ugonjwa ambao aliuona kuwa wa ajabu kupita yote aliyoyajua katika nchi hizi. Uliwapata watu huru waliotekwa na kutiwa utumwani. Habari hiyo imo katika shajara zake zilizochapishwa mwaka 1874.

Mateka hao waliongozwa kutoka ng'ambo ya mto Lualaba. Walipouvuka na kuuona ule mto mpana umewatenga na kwao, tumaini liliwatoka. Wako waliokimbia mara tu walipofunguliwa; lakini wanane, pamoja na wengine waliokuwa bado minyororoni, walikufa katika siku tatu. Walipoulizwa wanaumwa wapi hawakutaja tumbo wala kichwa. Walilalamika moyo tu, na kuweka mkono mahali pake hasa. Watoto walijikaza kwa muda, wakatembea pamoja na wakubwa. Lakini njia ilipopita karibu na kijiji chenye ngoma na michezo, kumbukumbu ya nyumbani iliwazidi nguvu, wakalia kwa kwikwi, wakanyong'onyea, nao wakafa.

Wafanyabiashara waliowamiliki walisemaje? Walistaajabu. Waliona kwamba chakula kilikuwapo cha kutosha wala kazi haikuwapo; basi kwa nini watu hawa wafe? Hapo ndipo tunapokiona kiini cha kosa lenyewe. Mwenye nguvu huyahesabu yale anayoyatoa, yaani chakula, posho na nafasi ya kulala, kisha husubiri furaha na shukrani kama malipo. Asipolipwa huona amekosewa adabu, au hushangaa. Hakiulizi kile alichokinyang'anya. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Mateka wa Lualaba walikuwa ushahidi wa usemi huo.

Elimu iliyokataa kuona

Mtu aweza kudhani kwamba hospitali na vyuo vilipokuja kosa hilo lilikwisha. Sivyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha daktari J. C. Carothers, aliyekuwa ameiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Kitabu hicho kilieneza rai kwamba sonona ni nadra miongoni mwa Waafrika. Msingi wake ulikuwa dhaifu: waliofikishwa Mathari walikuwa hasa wale waliofanya fujo. Mtu aliyejikunja kimya pembeni ya nyumba hakumsumbua liwali wala polisi, kwa hiyo hakuhesabiwa.

Matokeo ya rai hiyo hayakuwa ya vitabuni tu. Ikiwa Mwafrika haugui sonona, basi Mwafrika anyamazaye ni mkaidi, na asiyenyanyuka kwenda kazini ni mvivu. Elimu ikawa imempa mnyapara hoja. Lakini utafiti wa baadaye uliivunja rai hiyo. Margaret Field, katika kitabu chake cha mwaka 1960, alieleza jinsi alivyokuta wagonjwa wengi wa sonona, hasa wanawake, wakienda kwenye mahali pa ibada za jadi vijijini Ghana. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walitoa matokeo ya uchunguzi wa vijiji viwili vya Uganda, na sonona ilionekana kuwa nyingi huko kuliko katika mtaa wa London waliolinganisha nao. Maradhi yalikuwapo siku zote. Kilichokosekana kilikuwa sikio.

Dawa za wazee

Je, wazee wetu walikuwa na nini cha kukabili jambo hili? Walikuwa na mengi, na matatu yafaa kutajwa.

La kwanza ni utani. Katika njia ya misafara Wanyamwezi walifunga utani na makabila mengi waliyokutana nayo toka bara hata pwani. Mtani huruhusiwa kumwambia mtani wake neno ambalo likisemwa na mwingine lingeleta ugomvi, wala haruhusiwi kukasirika. Tukifikiri vizuri tutaona kwamba utani ulikuwa sheria ya kusitisha hukumu. Palipokuwa na uchovu, hofu na njaa, wenyeji wa njia walijua kwamba maneno makali yatatoka, wakayatengenezea mahali pa kutokea pasipo damu. Msibani nako mtani ndiye anayemwendea mfiwa aliyejikunja kimya, akamtania hata machozi na kicheko vikachanganyika. Wengine humstahi mfiwa kwa kukaa mbali. Mtani hupewa haki ya kukaribia.

La pili ni matanga. Desturi hii humpa mwenye huzuni siku ambazo hadaiwi adabu za kila siku. Hapiki, hafanyi kazi, haulizwi kwa nini hakuamkia. Jamii imekubali mapema kwamba huyu kwa sasa hayumo katika hesabu ya kawaida.

La tatu ni ngoma za tiba. Katika Unyamwezi na Usukuma kulikuwa na chama cha Waswezi, na pwani kulikuwa na ngoma za pepo. Aliyenyamaza, aliyekataa chakula, aliyejitenga, alipelekwa kwa mganga, naye mganga akatafuta kilichomshika. Hatuhitaji kukubali maelezo ya mizimu na mashetani ili tuone hekima iliyokuwamo: lawama iliondolewa juu ya mgonjwa. Haikusemwa "ana kiburi" bali "ameshikwa". Tena hakuachwa peke yake. Alizungukwa na watu waliowahi kushikwa kama yeye.

Lakini tusiwapambe wazee kwa uongo. Dawa hizo zilikuwa na mipaka yake. Matanga yalikuwa na siku za mwisho, na sonona haifuati hesabu ya siku; aliyeendelea kununa baada ya matanga alianza kusemwa. Wako waliodhaniwa kuwa wachawi kwa sababu tu walipenda kukaa peke yao, na tuhuma hiyo ilikuwa ya hatari kubwa. Wako wagonjwa waliofungwa kamba na minyororo. Na mke aliyeolewa mbali, akakaa kimya katika ua wa wakwe, aghalabu hakupata mtani wala mganga. Alipata jina la mwanamke mwenye majivuno.

Mwaka 1927 serikali ya kikoloni ilifungua hospitali ya Mirembe, Dodoma, katika nchi ile ile ya Ugogo iliyopitiwa na misafara. Wengi wametibiwa hapo wakarudi makwao. Hata hivyo jina la hospitali hiyo liligeuzwa kuwa tusi vinywani mwa watu, na tusi hilo limewazuia wengine kwenda kutafuta msaada. Mwaka 2008 Bunge lilitunga Sheria ya Afya ya Akili. Sheria ni jambo jema, lakini haiwezi kuingia barazani ikawafunza watu namna ya kumtazama mtu aliyenyamaza. Kazi hiyo ni ya utamaduni.

Mafunzo kwa shule zetu

Sasa tugeukie darasa, maana ndipo hukumu za adabu hutolewa kila siku. Mwalimu aingiapo wanafunzi husimama na kumwamkia. Mmoja hasimami, au husimama akitazama sakafu. Akiulizwa swali hunyamaza. Daftari lake, lililokuwa safi muhula uliopita, sasa halina kitu. Chakula cha bweni hakimalizi. Wenzake husema anaringa. Mwalimu husema ana kiburi. Mzazi huitwa kuelezwa kwamba mtoto ameharibika. Huenda kweli ni kiburi, maana vijana wenye kiburi wapo. Lakini huenda mtoto huyo amefiwa, au ameonewa, au anaugua maradhi ambayo hata yeye hajui jina lake. Akiadhibiwa atapata ushahidi mpya wa lile ambalo maradhi yamekwisha kumnong'oneza, kwamba hafai.

Je, tutazitengaje hali hizi mbili? Historia tuliyoisimulia inatupa maswali matatu. Kwanza, mtu huyu alikuwaje zamani? Kiburi aghalabu ni tabia ya muda mrefu, lakini maradhi huwa na mwanzo wake. Kijana aliyekuwa mchangamfu akabadilika hajabadilika bure. Pili, anawanunia nani? Fidhuli huchagua, humdharau mnyonge na kumchekea mwenye cheo. Mgonjwa huwanyamazia wote, hata awapendao, na hata mambo yaliyokuwa yakimfurahisha. Tatu, nini kimemfika? Mateka wa Lualaba waliulizwa swali hilo, wakaweka mkono juu ya moyo. Aliyeuliza alipata jibu; waliostaajabu tu hawakupata.

Maswali hayo hayamfanyi mwalimu kuwa daktari. Humsaidia kujua wakati wa kumpeleka mwanafunzi kwa daktari, au kwa mshauri, au kuzungumza na nyumba yake kwa upole. Mahali pa kuulizia nako kuna maana. Mtoto akiulizwa mbele ya darasa atanyamaza zaidi. Akiulizwa chini ya mwembe, mwalimu akiwa ameketi wala hana haraka, huenda akasema. Na kijana aliye katika hali hiyo, akiisoma insha hii, ajue kwamba kushindwa kusema si kosa la adabu, na kwamba neno moja kwa mtu mmoja anayemwamini latosha kuwa mwanzo.

Hitimisho

Tumeona kwamba katika njia ya Unyanyembe mpagazi, baharia, daktari mashuhuri na mateka wasiojulikana majina walikutwa na jambo moja: mateso yao ya ndani yalisomwa vibaya na wenye nguvu juu yao. Tumeona pia kwamba njia hiyo hiyo ilizaa utani, ambao huwaruhusu watu kukaribiana hata pale maneno yanapokuwa makali.

Tabora una mtaa uitwao Ng'ambo, na maana ya neno hilo ni upande wa pili. Adabu ya kweli ina upande wa pili pia. Upande wa kwanza ni wajibu wa mdogo kuamkia. Upande wa pili ni wajibu wa mkubwa kuuliza pale ambapo maamkizi hayakuja. Maamkizi yetu yenyewe yamejengwa kwa maswali: habari za nyumbani, habari za watoto, habari za afya. Tumezoea kuyajibu "nzuri" kabla hayajaisha kutamkwa. Tukiyarudishia maana yake, tukauliza kwa kutaka kujua na tukangoja jibu, tutakuwa tumeihifadhi desturi ya wazee kuliko yule anayemchapa mtoto kwa kutoamkia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi kabla ya kumcheka mwenzio kwa kukosa usingizi, mwulize kwanza amelala wapi.